Nilienda mnadani kununua kioo, nikarudi Mowlem na kiti cha daktari wa meno

Wakuu, niaje. Hii nawaambia yote, hata pale nilipokuwa mjinga. Na mjue mimi si mtu wa ujinga mara nyingi.

Niliacha shule darasa la sita. Nilianza kunyoa watu Kariobangi, hapa Nairobi, nje ya duka la mtu, stuli moja na mashine ya kuazima. Leo nina kinyozi yangu, duka langu mwenyewe la kunyolea, mtaa wa Mowlem, jina langu liko juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Sikubebwa na mtu. Mwenye kubisha abishe.

Basi kioo changu kikapasuka. Nikasikia kliniki fulani imefunga, vitu vyake vinapigwa mnada. Nikaenda kutafuta kioo. Kioo tu.

Dalali akafika kwa hicho kiti cha meno. Jamaa wa suti mbele yangu akataja bei, kisha akageuka, akaniangalia viatu, akatabasamu.

Wakuu, mkono ulipanda wenyewe. Sikuushusha mpaka yule jamaa akanyamaza. Raha niliyosikia hapo! Ilikaa dakika tano hivi, halafu nikaona kioo kikibebwa na mtu mwingine.

Kiti kilibebwa na wanaume wanne. Kikameza nafasi yote ya benchi la kusubiria. Mota ilikuwa imekufa, lakini mimi sishindwi na chuma: nilienda kwa fundi Kariobangi tukakifungia jeki ya gari. Ukizungusha, mgongo unalala polepole.

Watu wa kukikalia sasa? Hakuna.

Kastoma anachungulia mlangoni: "Baba Ivy, leo ni nywele ama ni jino?" Anacheka, anavuka barabara kwa kinyozi mpya, kule wanakanda watu mabega. Wiki mbili hivyo. Nilikuwa nakikalia mwenyewe ili watu wakizoee.

Mama Ivy, bibi yangu, hakupiga kelele. Alisema tu, "Jumamosi naleta mtu wa skrepu akinunue kama chuma chakavu. Hii kinyozi ndiyo inalisha watoto, si hicho kiti."

Nikamwambia kiti hakitoki.

"Tutaona," akasema.

Jumamosi asubuhi, kabla Mama Ivy hajafika, akaja dada mmoja wa Buruburu akimsukuma babake kwa kiti cha magurudumu. Mzee aliyestaafu reli, stroke ikamshika. Ndevu zimefika kifuani.

"Vinyozi wote wanakataa," akaniambia. "Shingo yake haisimami, wanaogopa kumkata. Nimesikia watu kwa stage ya matatu wakicheka kiti chako."

Tukamhamisha. Nikazungusha jeki, kichwa kikalala kwa kile kiegemeo kama kilitengenezewa yeye. Nikapaka povu.

Hapo ndipo Mama Ivy alipotokea na mtu wa skrepu, mkokoteni uko nje. Wakasimama mlangoni. Mimi nikaendelea na wembe, sikuwaangalia mara mbili.

Mzee mdomo umepinda, lakini akainua kidole. "Masharubu," akasema polepole, "usiguse."

Binti yake alicheka mpaka akafuta macho. "Sasa huyo ndiye baba yangu."

Mama Ivy akageuka. "Wewe wa mkokoteni, pole, tumekusumbua bure. Hapa kuna mtu ananyolewa."

Siku hizi watu wananiletea wagonjwa wao mpaka kutoka Umoja. Jumatatu ni siku yao, hakuna foleni, hakuna muziki wa kelele. Yule wa mabega ng'ambo asijaribu.

Nilichojifunza: usinunue kitu kwa sababu mtu amekuangalia viatu. Mimi nilibahatika, nakubali. Lakini ukishanunua, usikae hapo ukikionea aibu. Kitafutie kazi.

Kioo bado kimepasuka. Yule mzee alijiangalia kwa ule upande mzima, akashika masharubu yake, akaridhika. Kuna mnada mwingine mwezi huu, na Mama Ivy amesema ataenda yeye.

Na nyinyi je? Ni kitu gani mlinunua kwa hasira, na sasa kiko wapi? Msinicheke peke yangu, leteni zenu.