Barafu kwenye Mota ya Kisima cha Munje

Siku ile ya kisima cha Munje siisahau, mwanangu, na leo umenikumbusha kwa nguvu. Nimekukuta umeifunika mota kwa barafu! Kosa langu la ujana umeliokota ukalifanya lako.

Shemeji yangu Bakari alikuwa akichimba kisimani, jiwe likaporomoka likambana mguu, na maji yakaanza kumpanda. Juu kulikuwa na kompresa, mashine ya kubana upepo, ikiupeleka kwa mpira hadi kwenye mota ya pistoni inayosukumwa na upepo huo, na mota ndiyo iliyoendesha pampu ya kuyatoa maji yale. Wenzangu walishuka kulichonga jiwe, mimi nikaachiwa mota. Fundi wangu, Mzee Mwinyi, alikuwa ameniambia asubuhi ile, "Hii ikizubaa, ipashe moto." Nikaitikia naam, akili iko kwenye harusi ya jioni.

Ikazubaa kweli. Tundu la kutolea upepo likafuka ukungu mweupe, nikadhani inaungua. Kompresa ikichemka si tunaipoza? Basi nikakimbilia kwa wauza samaki, nikarudi na kapu la barafu, nikaizika mota humo. Ikazima kabisa.

"Maji yako kifuani!" Bakari alipiga kelele.

Mzee Mwinyi alikuja mbio, akaitupa barafu, akamimina birika zima la maji moto. Mota ikakohoa, ikavuta.

"Una wazimu wewe?" alinifokea. "Kule kwenye kompresa upepo unabanwa, unatiwa nguvu, ndiyo maana unatoka na moto. Huku unatanuka na kufanya kazi, na kazi hiyo inakula joto lake. Unatoka baridi mpaka unyevu wake unaganda na kuziba tundu. Mwenye baridi wampa barafu?"

Tulimtoa Bakari akiwa hai, lakini hakunisemesha mpaka Idi.

Sasa sikiliza, nimechoka kurudia. Kompresa ipoze, itabana upepo bila kula nguvu nyingi. Mota ipashe, itakupa kazi zaidi, na maji yanayojikusanya kwenye tangi la upepo yafungulie yatoke kila asubuhi, yasije yakaganda motani. Pistoni zao kufanana si kazi zao kufanana. Kuuliza si ujinga, mwanangu; ujinga ni kuitikia naam bila kusikia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye niliyekataa kusikia, na guu lililokuwa chini ya jiwe lilikuwa la Bakari.

Mola akujaalie sikio kabla ya spana, na wanaokutegemea huko chini awapandishe salama. Amin.