Kabureta Aliyoichagua Baba

Nikisikia harufu ya petroli mbichi, ile ya pikipiki iliyokataa kuwaka, hapo hapo narudi mtaani kwetu Rhonda, uani, Jumamosi moja asubuhi. Nina miaka kumi na mmoja na nimeegemea nyuma ya pikapu ya babu, Datsun kuukuu, nikisukuma kwa mabega.

Babu alituachia gari hilo likiwa bovu. Baba alilifufua kipande kwa kipande. Alitafuta pistoni za kulingana na silinda, akabadilisha vali, akapaka rangi ya samawati kwa brashi. Mwishowe akaleta kabureta. Ilikuwa ya injini ya cc elfu mbili, na yetu ilikuwa ya cc elfu moja mia mbili. Matundu hayakulingana, basi akachonga bamba la alumini kwa tupa ili aiunganishe na injini. Alichonga jioni tatu, akinieleza mimi tu: "Koo kubwa, nguvu kubwa. Tutapanda mlima wa Sachangwan kama tunateremka." Kabla hajaliwasha gari, moyo wake ulisimama.

Tulipomaliza matanga, Baba Mdogo, ndugu yake, alisema gari ni la baba yao. Lisipotoka uani kwa nguvu zake lenyewe kufikia Jumamosi saa sita mchana, atalivuta apeleke kwa wanunuzi wa vyuma. Mama alikubali. Mimi niliona kwamba likienda, Baba atakuwa amekufa mara ya pili.

Asubuhi hiyo Mama alimwita fundi Koech. Stata ililia mpaka betri ikaisha, tukaanza kusukuma. Vijana wa mtaa walijaa kwenye ua.

"Mathe, uza hiyo kitu ununue punda!" mmoja alimpigia Mama kelele. "Punda haina kabureta!"

Walicheka hata waliokuwa wanatusaidia kusukuma.

Koech alifungua plagi, akazinusa. "Mama Wanjiru," alimwambia Mama, "zimelowa tena. Hii injini ni ndogo, haina pumzi ya kuvuta hewa kwa koo pana hivi. Petroli inaingia ikiwa matone. Ile kabureta ya kwanza, iliyokuja na gari, iko wapi?"

"Iko ndani."

"Nipe. Nusu saa nitakuwa nimeifunga."

"Kausha plagi, Koech. Tujaribu tena."

Sikumwelewa. Mama aliuza spea kuukuu kando ya barabara, na kila siku nilimsikia akiwaambia wateja, "Usinunue kubwa, nunua inayolingana." Nilitaka kukimbia ndani niilete ile ndogo. Lakini nilikuwa mtoto wa haya mbele ya watu. Nikaendelea kusukuma, nikiomba Mungu kimoyomoyo.

Karibu na saa sita injini ilishika. Moshi mweusi ulitoka, gari likatetemeka, likaenda hatua tatu lenyewe. Tukashangilia. Likazima.

Baba Mdogo alikuwa ameketi juu ya tairi na kikombe cha chai ambacho Mama mwenyewe alimpa. Alimwaga masalio chini. "Shemeji, hii gari inakohoa tu," alisema kwa sauti ya chini. "Wachana nayo."

Saa sita ilipofika, alilifunga gari mnyororo wa kulivuta. Mama hakulia. Aliinama juu ya injini akilipangusa lile bamba kwa ncha ya leso, taratibu, mpaka mnyororo ukakaza na Koech akamshika mkono amwondoe. Nilimchukia Mama siku hiyo, na miaka mingi baadaye bado niliamini kwamba tulinyang'anywa gari kwa sababu ya ukaidi wake.

Mwaka jana, tukimenya viazi, ndipo nilipothubutu. "Mama, kwani hukujua ilikuwa kubwa?"

"Nilijua siku aliyoileta. Nilimwambia mbele ya wateja, wakamcheka. Alininunia wiki nzima. Ndiyo wiki aliyokufa." Alitupa ganda kwenye karai. "Sasa ningeitoa mbele ya mtaa mzima, niwaonyeshe tena kwamba alikosea, na yeye hayuko hata anijibu?"

Jumamosi ile nilidhani tunashindana na Baba Mdogo. Kumbe Mama alikuwa akimwomba mumewe msamaha, kwa njia moja tu aliyobaki nayo, na alikuwa tayari gari liende.