Raba Kwenye Springi za Kaka

Wiki iliyopita nilipeleka gari langu kwa fundi kule Namuwongo, karibu na reli, nikakuta vijana wamelipandisha juu ya mawe gari kuukuu la mashindano. Walikuwa wanalibadilisha springi. Mmoja alichuchumaa pembeni, kisu mkononi, akikata vipande vya tairi la lori. Nilijua anachotaka kufanya hata kabla hajainuka. Nikamwambia asiziweke hizo raba. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba. "Nyabo, mama yangu, wewe unajua nini ya gari?" Wenzake wakaangua kicheko. Nami, pamoja na mdomo wangu huu unaoujua, nikaenda kukaa kwenye benchi.

Najua, rafiki yangu. Najua kuliko ninavyotaka.

Nilikulia Kyebando, mtaa wa mji huu huu. Baba alikuwa sajenti mstaafu, mtu wa kaskazini aliyeendesha malori ya jeshi mpaka nywele zikawa nyeupe, na Kiswahili cha kambini ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yetu. Kwetu hakuna aliyeombwa kitu. "Wewe, leta maji! Fagia hapa mbio!" Nasi tulijibu, "Ndiyo, afande," hata mama alijibu hivyo kutoka jikoni huku akijiziba kicheko. Asubuhi nilibeba jerikeni kutoka kisimani, kisha nikafagia ua wote isipokuwa pale lilipolala gari la kaka. Kuku wa mama hawakuwa na haki ya ua ule kama gari lile. Jumapili harufu ya malakwang, ile mboga yetu chachu ya karanga, ilichanganyika na ya petroli, na mpaka leo moja ikinipitia puani naitafuta nyingine.

Gari lilikuwa la Kijapani, la zamani, limepakwa rangi juu ya rangi. Kaka alishindana nalo kwenye uwanja wa murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, nje ya mji, na kila mara lilirudi likiyumba kama mlevi. Ndipo akapata springi mpya kwa mtu aliyekuwa akibomoa gari lake: springi na shokapu, lile bomba la kuzuia mtikisiko, zimeshikana kitu kimoja, na chini kuna nati pana ya kuzungusha ili gari lipande au lishuke. Zilipakwa rangi ya buluu. Niliruhusiwa kuzigusa, zilikuwa baridi, nzito, safi kuliko kitu chochote nyumbani kwetu. Jirani yetu Mkongo, aliyekimbia vita na sasa akitengeneza magari ya mtaa mzima, akaja kuzifunga.

Zilipokwisha kufungwa, baba alilizunguka gari, akaona tumbo limekaribia ardhi. Hakupenda. Wewe unazijua barabara zetu. Wakati ule kila mtu alipachika raba katikati ya springi ili gari lisimame juu, na baba mwenyewe alivuka mashimo ya kaskazini kwa njia hiyo miaka nenda rudi, akarudi mzima.

"Weka raba," alisema.

"Baba, hii ya sasa haitaki raba," kaka alimjibu. "Inataka ibonyee."

"Muzee, tujaribu kwanza bila mupira," jirani alisema kwa upole.

"Barabara ya Japani si hii yetu! Gari itagonga tumbo, itakuua. Mimi nasema weka!"

Kaka alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Ndiyo, afande."

Baba alizikata raba mwenyewe. Alichagua nene kuliko zote, akazisugua kingo zisimkate kaka mikono. Nisikudanganye, hata mimi nilifurahi. Gari lilisimama juu, nikaona kaka yangu sasa yuko salama.

Siku ya mashindano tulikaa kwenye ukingo wa udongo, mama na gonja zake, zile ndizi tamu za kuchoma, baba kasimama nyuma yetu. Palikuwa na tuta moja ambalo magari yote yalilipita yakizama kidogo na kuinuka. La kaka halikuzama. Raba zilikuwa zimejaa, springi haikuwa na pa kubonyea. Tuta lililirusha gari zima, likaangukia pua, likabingirika. Sitakusimulia zaidi. Hakufika hospitali akiwa hai.

Matangani watu walisema mengi: vitu vya Japani ni feki, kijana alikuwa na pupa, kuna mtu kamwonea wivu. Baba aliwasikiliza tu. Gari liliporudishwa uani likivutwa kwa kamba, alichuchumaa, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu, akaing'oa raba moja. Akakaa chini kwenye vumbi.

"Ni mimi," alisema.

"Nyamaza, watu wanasikia," mama alimwambia.

"Wasikie. Ni mimi."

Nilimchukia, kisha nikamhurumia, kisha nikachoka na vyote viwili. Ua ule sasa ni ghorofa ya wapangaji. Jirani alihama, mama karudi kaskazini. Lakini kilichotoweka kwanza kilikuwa sauti ya baba. Hakuamuru tena mtu yeyote. Nyumbani kwake mwenyewe alianza kuuliza kama anaweza kufungua dirisha, kama anaweza kuongeza chumvi. Nilikuwa msichana wa shule na baba yangu aliniomba ruhusa ya kukaa kwenye kiti chake. Hilo lilinitisha kuliko jeneza.

Mwaka juzi nilimuuguza hospitalini mpaka mwisho. Alasiri moja aliniuliza kama anaweza kugeukia upande wa ukuta.

"Geuka tu, baba," nikamwambia.

Akabaki amelala vile vile, ananitazama, anasubiri niseme tena kwamba inaruhusiwa.