Dereva Aliyeikimbilia Sabato

Kwa miaka sita Zadock Masese, Mkisii aliyehamia Homa Bay, aliendesha lori la mahindi kutoka Isebania, na kuanzia Jumapili hadi Alhamisi ungeweza kumpita kwa baiskeli. Ijumaa alikuwa mtu mwingine kabisa. Zadock alikuwa Msabato, na kwake jua la Ijumaa likishazama, kushika usukani ni dhambi. Basi siku hiyo alikanyaga mafuta mpaka kuku wa Rongo, njiani, wakaijua.

Ajabu ni kwamba walimsifu. Kerosi, mzee wa kanisa, alimtaja mbele ya waumini kama mtu asiyecheza na siku ya Bwana. Walimvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa kwa raha zake. Makori tu, fundi wa lori lile, ndiye aliyemwonya kwamba gari halijui Ijumaa. Zadock alimcheka, kwani Makori hakuwa hata mtu wa kanisa.

Ijumaa moja ya mwaka 1966, upakiaji ulichelewa Isebania. Juu ya magunia walipanda abiria, akiwemo Orpah, mke wa Jared, muumini mwenzake Zadock. Walipokuwa wakiteremka kuelekea Homa Bay, zikiwa zimebaki maili tatu tu, Orpah aliinama akagonga paa la kichwa cha lori.

"Zadock, ongeza kidogo. Jua inatuacha."

Akaongeza. Kona ikamkuta yuko maili hamsini kwa saa, changarawe ikateleza chini ya magurudumu, lori likalala ubavu. Wengine waliumia. Orpah aliangukiwa na magunia, akafa palepale.

Zadock alivunjika mguu. Mkewe, Filister, alimpelekea chakula hospitalini, na pamoja na chakula akampelekea habari: tajiri mwenye lori amewaambia polisi kwamba breki zilikatika, na Makori yuko korokoroni. Kesho yake alikuja Kerosi, akaketi karibu na kitanda, akazungumza kwa sauti ya chini. Alimkumbusha kwamba Makori hana mke wala mtoto, na yeye Zadock ana watoto sita. Tena kanisa litasemwaje, watu wakisikia kwamba Orpah aliuawa na mbio za Sabato? Hakumwomba aseme uongo, hata kidogo. Alimwomba anyamaze tu.

Na Zadock alitaka kunyamaza, tusimpambe. Alitaka sana. Aliogopa jela, akaogopa zaidi macho ya watu kanisani. Lakini mguu wake uliobaki mzima uliyakumbuka yale aliyokuwa akiyakwepa. Breki zilishika. Alipozikanyaga zilishika vizuri, kama Makori alivyozikaza Alhamisi, ila mbio zilikuwa zimeshapita uwezo wa breki yoyote. Filister alipomuuliza atasema nini kortini, alimgeuzia mgongo.

Siku ya kesi alisimama kwa mkongojo. Hakimu alimuuliza habari za breki.

"Breki ilikuwa mzuri," alisema. "Ni mimi nilikuwa nakimbiza gari. Makori alikuwa ameniambia."

Kerosi akainamisha kichwa. Makori aliachiliwa mchana uleule, akapita mbele ya Zadock bila kumtazama wala kumshukuru, na Zadock akaona ni haki yake.

Askari walipokuwa wakimtoa Zadock kumpeleka korokoroni, Jared alikuwa amesimama mlangoni. Hakumtukana. Alitaka kujua neno moja tu, kwamba wakati lori linapinduka, jua lilikuwa limefika wapi.

Zadock alitamani mtu huyo ampige, ingekuwa afadhali. Alikumbuka walivyomlaza Orpah majanini, na mama mmoja akavua leso yake kumfunika uso, kwa sababu mwanga wa jua ulikuwa ukimpiga machoni.

"Ilikuwa juu bado, ndugu yangu," alisema. "Hata kwa miguu tungefika."