Kambare wa Kupigwa Picha

Mtu akiniambia kuvua samaki ni mapumziko, namkubalia, maana na sisi tulipumzika hivyo hivyo. Jumapili baada ya misa, watu wa upande wetu wa Kanazi waliteremka bondeni, kwenye bwawa ambalo mto Ruvubu huliacha mvua zikiisha. Wanaume walitega migono, mitego yao ya kusuka kwa matete, kisha wakakaa majanini na pombe ya ndizi, wakitaniana nani mgono wake umekaa kama kiota cha kuku. Sisi wasichana tuliogelea upande wa pili. Jioni kila nyumba ilinukia kambare.

Wakimbizi walipojaa wilayani, wavuaji wakawa wengi na samaki wakapungua, hilo silikatai. Ofisi ya wilaya ikatoa amri: migono na nyavu marufuku. Baba alitii. Aliitundika migono yake darini juu ya moto, ikawa myeusi kwa moshi. Kilichonichemsha damu ni kwamba amri hiyo haikuwahusu wageni waliokuja kufanya kazi makambini. Wao waliteremka na gari kila Jumapili, na fimbo zao za kuvulia, viti vya kukunja na soda baridi, na mlinzi aliyetufukuza sisi ndiye aliyewabebea viti. Eti wao hawavui, wanacheza.

Mwaka huo binti wa shangazi yangu alikuwa kwetu. Alivuka mto kutoka Burundi akiwa na mimba, akajifungulia chumbani kwangu, na maziwa yakagoma kutoka. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia mpaka sauti ikakauka. Mama alisema dawa ya hilo ni moja tu, mchuzi wa kambare, na sokoni kambare hakuwepo. Basi akachukua beseni, akaniambia, "Twende. Wewe una Kiingereza cha shule, utaniombea."

Tulimkuta mgeni mmoja, mzee mwenye kofia pana, ndio kwanza amemtoa kambare mrefu kama mkono wangu. Akampima kwenye mizani, wenzake wakapiga makofi. Mama akanisukuma. Nikamwamkia yule mzee, nikamweleza habari yote: mzazi, mtoto, maziwa. Nilieleza vizuri, naye alinielewa vizuri. Nasema hivi kwa sababu watu nikiwasimulia hunifariji kwamba labda hakuelewa. Alielewa! Alitikisa kichwa kwa huruma, akasema amesikitika sana, ila wao samaki hawamchukui. Humrudisha majini akue.

Nikamtafsiria mama.

"Akue amfikie nani?" mama akauliza. "Mwambie na mtoto anataka kukua."

Nikamwambia. Yule mzee akacheka kidogo, si kwa dharau, kwa kuona aibu, na hapo ndipo nilipomchukia hasa.

Mlinzi akasogea. "Mama, usisumbue wageni."

Mzee akampa mwenzake kamera, ile inayotema picha papo hapo, akasimama bega kwa bega na mama, akamwinua kambare kwa mikono miwili. Beseni la mama lilikuwa chini yake kabisa; maji ya samaki yalidondokea humo. Kisha akainama, akamwachia bwawani.

Picha ilipotoka wakaipepea ikakauka, wakampa mama. Zawadi hiyo! Na mama, ambaye hakuwahi kupokea kitu bila kushukuru, akasema asante. Asante ile inaniuma kuliko samaki mwenyewe.

Tulipanda mlima, tukarudi nyumbani. Binti wa shangazi alisikia hatua zetu, akajiinua kitandani na mtoto wake kifuani, akanyoosha shingo kutazama ndani ya beseni. Picha ilikuwa imelala humo, kambare akiwa mnene, anang'aa. Aliitazama kwa muda. Kisha akajilaza, akatugeuzia mgongo.

Mama akatoka chumbani. Nilimkuta jikoni amepanda juu ya kinu, anateremsha migono ya baba mmoja mmoja, masizi yakimwagikia kitambaa chake cha kanisani. Baba akaja mbio kutoka uani, akamuuliza anafanya nini, hajui kwamba imekatazwa?

"Sivui," mama akasema. "Nakwenda kucheza."