Skrini ya Tatu

Ukitaka kucheka, cheka tu, mimi mwenyewe ni mtu wa kucheka. Lakini haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata nikiwa macho, saa nane mchana, ndani ya saiba yangu, kaduka ka kompyuta na uchapaji, hapa Kathonzweni.

Ilikuwa Alhamisi. Huku kwetu mazishi mengi huwa Jumamosi, kwa hivyo Alhamisi ndiyo siku ya programu za mazishi, zile karatasi zenye picha na maisha ya marehemu. Mteja ananieleza maisha ya marehemu wake, mimi nachapa. Shida ni kwamba wateja walikuwa wananiinamia begani wasome majina, na nikikosea jina la shangazi mmoja, hiyo ni kesi! Ndipo nikaleta skrini ya pili kutoka mji wa Salama, kuukuu, nikaigeuza imwangalie mteja, asome kila ninachoandika.

Nikachomeka waya, nikafungua mipangilio. Kompyuta ikaniambia skrini ni tatu.

Tatu? Nikahesabu kwa kidole. Nikabofya pale panapofanya kila skrini ionyeshe namba yake. Yangu ikaonyesha moja, ya mteja mbili. Ya tatu haikuwa popote, lakini mshale ukiusukuma kulia ulipita ukingo wa skrini ya pili ukaenda zake, upande wa ukuta wenye kalenda. Nikacheka. Vitu vikuukuu ni hivyo.

Mara akaingia mama mmoja. Nilichoona ni sweta ya kijani, kifungo kimoja cheupe na vingine vyote vyeusi. Akaketi.

"Ni programu ya nani, mama?"

"Wewe andika tu, mwana wakwa."

Mwanangu. Akina mama wote hapa huniita hivyo, kwa hivyo sikushtuka. Macho yangu yalikuwa kwa kazi.

Marehemu, akasema, alizaliwa kijiji cha Tulia, akaolewa huku, akauza mbaazi sokoni na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa mmoja tu.

"Na huyo mtoto hakuwa analala mpaka ashike sikio langu."

"Sikio lake," nikamrekebisha.

Akacheka kidogo. "Haya, bwana mwalimu. Lake."

Nikauliza jina la mtoto. Akataja langu. La nyumbani, la baba, hata la ubatizo.

Niamini, vidole vilikufa kwenye kibodi. Mama yangu aliaga nikiwa na miaka mitatu. Alizikwa haraka, bila programu, na picha yake haipo hata moja. Unajua ilivyo kuishi bila kuijua sura ya mama yako? Mimi hutazama wanawake sokoni nikijiuliza, alikuwa na pua kama ya huyu? Alicheka kama yule?

Sikuthubutu kuinua macho. Nikauliza, "Picha iko?"

"Iko kwa ile ya tatu. Ngoja, naileta polepole. Usiiondoe."

Sikungoja. Kila mtu wa kompyuta anajua, ukiondoa skrini, vyote vilivyokuwa juu yake hurudi kwenye ile ya kwanza. Niliitaka hiyo picha sana! Nikabofya, nikaiondoa ya tatu.

Kisanduku cha picha kikarudi kwangu. Kilikuwa cheupe, kitupu. Nikainua macho, na kiti kilikuwa kitupu pia.

Jioni nilimweleza Susu, nyanya aliyenilea. Yeye huniita mume wangu, kwa sababu nimebeba jina la babu. Akaisukuma kando sahani ya ugali.

"Mume wangu, hicho kifungo nilikishona mimi. Nilikitoa kwa shati lako la utotoni."

"Na uso, Susu? Uso wake ulikuwaje?"

"Mimi nimezeeka, umenitoka. Si wewe ndiye umekaa naye leo? Wewe ndiye uniambie."

Nilienda nje nikalia kama mtoto.

Ile programu niliiprinti, imebandikwa chumbani kwangu na nafasi yake nyeupe. Na kila Alhamisi, kabla ya kuwafungulia wateja mlango wa saiba, nafungua mipangilio nahesabu. Mbili. Bado ni mbili tu.

Kwa hivyo wewe unayesoma hapa, labda kwa simu, labda mtu wako ameketi kando anakuongelesha na wewe unaitikia tu "mm", nakuomba. Inua macho. Mimi nilikuwa na uso wenyewe mbele yangu, nikakimbilia picha.