Siku Besi Yangu Ilipomwacha Baba wa Bibi Harusi

Siku ile siisahau, mwanangu. Tulikuwa harusini Mwandiga, nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, mpiga gitaa la besi wa kwaya yetu. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi, na sifa zilishanipanda kichwani. Ngoma ivumayo haidumu, wahenga walisema, lakini nani husikia hayo akiwa anashangiliwa?

Bibi harusi aliingia ukumbini ameshikana mkono na baba yake, mzee aliyepooza mguu mmoja. Wimbo ulianza taratibu. Vigelegele vikapigwa, nami nikanogewa. Besi yangu ikaanza kukimbia, mpiga ngoma akanifuata, waimbaji wakatufuata sote. Yule baba alijitahidi kwenda nasi. Katikati ya ukumbi mguu ukamgomea, akaketi kwenye kiti cha wageni, na binti yake akamalizia njia bila yeye.

Hakuna aliyenikaripia. Afadhali wangenikaripia.

Kesho yake nilikwenda Kasingirima kwa Mzee Bukuru, aliyenifundisha besi na kuniachia nafasi yake kwenye kwaya. Nilimkuta barazani na gitaa, vidole vimevimba kwa uzee, metronomu, kile kisanduku cha kuhesabu mapigo, ikigonga mbele yake: tik, tik, tik. Alikuwa akipiga noti moja tu. Mtu aliyesifiwa toka Ujiji hadi bandarini, noti moja!

“Shikamoo, mzee. Nawe bado unajifunza?”

“Marahaba. Jana nilikitangulia kisanduku hiki mara tatu. Leo mara moja. Keti.”

Nilipomsimulia ya harusini, akanipa gitaa, akapunguza kasi ya kisanduku mpaka kati ya pigo na pigo ungeweza kumeza mate. Nilishindwa, mwanangu. Kila nilipogusa waya, pigo lilikuwa bado halijafika.

“Mzee, nadhani kimeharibika.”

Akacheka hadi akakohoa. “Hata mimi nilimwambia mwalimu wangu hivyohivyo.” Kisha akakizima kisanduku. “Binti, vidole unavyo. Ila yule baba alihitaji umsubiri, na wewe hukumwona. Besi ndiyo miguu ya wimbo. Buhorobuhoro.”

Polepole, kwa Kiha chetu.

Nikaenda kumwomba radhi yule baba. Alinisamehe, ila akasema, “Nilifanya mazoezi ya kutembea mwezi mzima.”

Kuanzia hapo nilirudi kwa Mzee Bukuru kila alasiri, karibu mwaka mzima. Hakuchoka nami, wala hakuona haya kukosea mbele yangu. Wapiga besi hodari nimewaona wengi. Mkubwa kama yule, bado.

Basi, mwanangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Metronomu siku hizi unayo kwenye simu. Iwashe kila siku kabla ya madoido. Anza na kasi inayokukera kwa upole wake, usiongeze mpaka mkono utulie. Na ukiwa jukwaani, inua macho uwatazame wanaokwenda kwa mapigo yako.

Mungu akubarikie vidole na masikio, akujalie umri mrefu wa kupiga, na moyo wa kujifunza hadi uzeeni.